Posa ya Mtani

Msuka, 4 Aprili 1936

Kwa Mwalim Mwanamize binti Othman, Wawi

Mtani wangu, mtoto wa shangazi yangu,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na wale wasichana unaowafunza Kurani, ambao nawaonea huruma kwa jinsi nilivyokuwa nikikuogopa tulipokuwa chuoni kwa baba yako. Huku sote hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye tangu juzi ni sheha.

Usicheke kwanza. Cheka ukimaliza kusoma.

Unajua sheha wetu alifariki, Mungu amrehemu. Walioutaka usheha ni wawili, Mzee Silima na Mzee Duni, na kila mmoja ana wajukuu wa kutosha kuanzisha vita. Bwana DC alikuja kutoka Wete, akakaa barazani toka asubuhi, wazee wakisemezana kwa adabu kubwa na chuki kubwa zaidi. Mwisho Mzee Silima akasema, "Kuliko Duni, bora Jaribu." Mzee Duni naye akasema, "Kuliko Silima, bora hata Jaribu." Hiyo "hata" niliisikia vizuri. Bwana DC akauliza, "Huyu Jaribu yupi?" Watu wote wakanyoosha vidole upande wangu, nami nimesimama na dafu la mgeni mkononi, maana nililetwa pale kuangua madafu tu. Ndivyo nilivyochaguliwa. Wanasema wametafuta mtu ambaye hapana anayemwogopa, na wakampata bila taabu.

Nimepewa muhuri na waraka wa kazi. Baba aliutazama ule waraka kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, jitahidi usiupoteze mpaka kesho."

Limebaki jambo moja. Kazija mke wangu ametutoka mwaka wa pili huu, na binti yangu Mwanapili bado ni mtoto. Wewe nawe ni mjane wa siku nyingi. Sheha bila mke ni chungu bila kifuniko, kila nzi ana haki yake. Njoo Msuka uwe mke wa sheha, kazi yako itakuwa kuwakunjia wageni uso. Na uso umeshaukunja tangu utotoni, hatutahitaji kukufunza.

Wako,
Jaribu wa Nyange, Sheha wa Msuka
(Nimejaribu muhuri hapa chini. Ule si mdudu, ni wino.)


Wawi, 20 Mfunguo Nne 1355

Mtani,

Zamani ulikuwa ukiandika mwezi wa Kiislamu kama watu wengine. Umepewa muhuri juzi, leo tayari una Aprili.

Barua yako nilimsomea kaka Ame. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna habari gani, tukamsomea naye. Marehemu baba, aliyekufunza herufi hizi unazozivunja mbavu, alikuwa akisema, "Jaribu hatakuwa mwanachuoni, lakini watu watapenda kukaa karibu naye." Nadhani hiyo ndiyo kazi ya sheha yenyewe, kwa hivyo usiidharau.

Ama hilo la kunioa, nimelisikia. Ulipokuwa huna kazi ulitaka nije niwe mke wa mtu asiye na kazi. Ulipojaribu uvuvi ulitaka nije niwe mke wa mvuvi, na siku hizo hata samaki changu mmoja hakuwahi kukosea njia akaingia kwenye mtego wako wa dema. Sasa ni mke wa sheha. Nitangoja nione cheo kinachofuata.

Ah, utani wetu una raha yake. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, atakalosema mmoja mwenziwe hakasiriki, na hakuna kadhi wa kulisikiliza.

Nakuletea kofia niliyoshona mwenyewe, sheha asitoke kichwa wazi. Na ule chakula. Walionipa habari wanasema umekonda.

Mwanamize


Msuka, 2 Juni 1939

Mtani wangu,

Serikali imeamrisha kila nyumba ichimbe choo cha shimo. Nimeitisha baraza, nimesema mpaka koo limekauka. Mzee Silima akasimama akauliza, "Sheha, babu zetu walikwenda wapi?" Watu wakajibu kwa pamoja, "Pwani!" Baraza likavunjika.

Nikaona sheha mwema huongoza kwa mfano. Nikachimba changu, mkono wangu mwenyewe, shimo la kupigiwa picha. Siku Bwana DC alipokuja kukagua, nilikuwa nikimtangulia kwa kurudi nyuma, maana si adabu kumpa mgeni mgongo. Nadhani umeshafahamu. Nilikuwa nikisema, "Na hapa, Bwana..." nikatoweka.

Shukuru Mungu lilikuwa bado jipya. Bwana DC alinitolea mkono mwenyewe. Mzee Duni alichungulia akasema, "Kweli refu, sheha hakutudanganya." Tangu siku hiyo watu wameanza kuchimba. Wanakuja kwangu kuuliza kipimo, nami nawaambia wachimbe mpaka usawa wa pale nilipofika kwa kisigino.

Hayo ndiyo mafanikio yangu kwa miaka yote hii. Hilo, na ugomvi wa mnazi baina ya wale ndugu wawili wa Kiuyu waliohamia huku, ambao niliukata kwa kuwachosha. Nilizungumza mpaka wakapatana ili waende zao.

Watu husema mke hujua lini mumewe anyamaze. Basi unaona ninavyokuhitaji. Njoo.

Jaribu


Wawi, 26 Mfunguo Saba 1358

Mtani,

Habari ya shimo imenifurahisha kwa siku nzima. Wasichana wangu wameniona nikicheka peke yangu katikati ya juzuu, na sasa wanadhani nina jini.

Nina jambo la kukueleza. Yule Mmanga wa Chake, Mwarabu mwenye duka la nguo, ametuma watu kwa Ame kuniposa. Ni mtu wa heshima, na mkewe alifariki mwaka jana. Ame anataka nimpe jibu kabla ya mwezi kwisha. Nimemwambia angoje nikuandikie, kwa sababu wewe ni mtoto wa mjomba wangu, na kwa mila yetu una haki ya kusema neno lako kabla ya mtu wa mbali.

Basi unasemaje?

Meno yake yote yapo. Hapo tu amekushinda.

Mwanamize


Msuka, 24 Juni 1939

Mtani wangu,

Tumecheka huku, mimi na baba. Duka la nguo na meno juu yake! Mpokee upesi kabla hajakuona usoni. Ruhusa yangu ninayo na nimeitoa, kwa muhuri wa serikali. Nitakuja na mbuzi, na pilau nitasimamia mimi, ulipate hilo la kujisifia, kwamba mwali wa Wawi alipikiwa na sheha.

Mwambie Mmanga anipimie kanzu.

Jaribu


Msuka, 9 Februari 1942

Mwanamize,

Nimekuandikia mara nyingi na jibu sijaliona. Nilidhani barua zinapotea, kwa sababu ya vita kila kitu hupotea siku hizi, mafuta ya taa, sukari, hata akili za watu. Lakini wiki hii Ame amepita huku kutafuta pweza mkavu, akakaa kwangu. Katika maneno akasema, "Yule Mmanga ameshaoa Mkoani." Nikamwuliza Mmanga gani. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa.

Kumbe ilikuwa kweli. Kumbe watu walikuja, na wewe uliwarudisha, na Ame mwenyewe hajui kwa nini.

Mimi nilidhani ni maneno yetu tu. Tumezoea, wewe unanirushia na mimi nakurushia. Sikujua kuwa safari ile ulikuwa umeuacha mzaha.

Je, nimekukosea? Sema, nitasikiliza.

Baba hajisikii vizuri, miguu imevimba. Kila siku anakuulizia, "Mtoto wa dada yangu yuko wapi?" Namwambia anafunza. Anasema, "Basi na aje akufunze wewe."

Natia nukta hapa, maana naona kalamu inaanza kutafuta mzaha.

Jaribu


Wawi, 5 Mfunguo Tano 1361

Jaribu,

Hujanikosea. Utani hauna kosa. Ndiyo sheria yake, na ndiyo taabu yake.

Nilikuwa na kazi nyingi. Wasichana wameongezeka, tumetandika majamvi mpaka uani.

Mjomba mwambie namsalimu sana, na mafuta haya ya mnyonyo ni ya kumkanda miguu, yapashwe moto kwanza. Akizidi niite, nitakuja.

Mwanamize


Msuka, 28 Novemba 1943

Mtani wangu,

Umetuachia nyumba kimya. Asante kwa kuja kumzika baba na asante kwa kukaa matangani mpaka mwisho. Angekuona angefurahi.

Na siku ile ya kuondoa tanga, wallahi, watu hawajaacha kuisimulia. Nilijua watani mna haki yenu siku hiyo, kutuvunjia huzuni. Nilitegemea utanificha viatu, au utakaa juu ya kitanda changu mpaka nikukomboe kwa kahawa. Sikutegemea utoke kwa wanawake umevaa kanzu yangu na kilemba changu na mto tumboni, ukapita barazani na kibaba kitupu ukigawa mchele wa mgao: "Kibaba cha Silima hiki. Kibaba cha Duni hiki. Cha tumbo langu hiki, na hiki, na hiki tena, maana tumbo hili ni la serikali." Mzee Silima alicheka mpaka akabebwa. Hata mimi, na baba nimemzika juzi, nilicheka mpaka nikalia, na kilio kile nilikuwa nikikihitaji.

Usijali kwamba yule mudiri mpya kutoka mjini, mkubwa wetu sisi masheha, alikuwa amekaa pale na karani wake. Alikuja kutoa mkono wa taazia, akapata na tamasha. Alifurahi sana.

Kuna habari ndogo. Nimeona niupumzishe usheha. Magoti yananiuma, na miaka saba inatosha kwa mtu aliyekuja kuangua madafu. Nimeshaurudisha muhuri. Hakuna neno jengine.

Jaribu


Msuka, 11 Desemba 1943

Shangazi yangu Mwanamize, shikamoo.

Baba amenikataza kukuandikia, nami ni mara ya kwanza kumwasi, nisamehe. Magoti ya baba hayana kitu. Jana alipanda mnazi.

Mudiri hakufurahi siku ile. Karani wake aliandika kila ulilosema, kwamba sheha anakula mchele wa mgao, na kwamba jamaa yake mwenyewe kamtangaza mbele ya watu. Baadaye wakaja kupima ghala. Mchele ulikuwepo wote, haukupungua. Lakini karatasi ilikuwa imeshakwenda Wete kwa Bwana DC, na mudiri alisema karatasi iliyokwenda lazima ijibiwe.

Akawaita wazee, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Akamwuliza Mzee Duni, "Yule mwanamke alisema kweli au alisema uongo?"

Mzee Duni akajibu, "Alisema utani, Bwana Mudiri."

"Hata kwetu mjini kuna utani, mzee. Lakini Wete hawaandiki utani. Kweli au uongo?"

"Utani ni utani."

Mzee Silima, na wewe unajua hajapata kukubaliana na Mzee Duni hata juu ya mwezi mwandamo, akasema, "Hapo Duni kasema."

Basi mudiri akamwambia baba kwamba itabidi uitwe wewe Wete, uapishwe. Ukisema ni kweli, baba atafungwa. Ukisema ni uongo, utaandikwa kuwa umemsingizia mtumishi wa serikali wakati wa vita na njaa. Baba akasema, "Bwana Mudiri, yule ni mwalim wa Kurani. Ukimsimamisha aape kuwa ni mwongo, nani atampelekea mtoto wake tena?" Mudiri akasema sheria ni sheria. Baba akautoa muhuri mfukoni, akauweka juu ya meza, akasema, "Pasipokuwa na sheha hapana kesi. Mimi naondoka, na yeye asiitwe."

Mudiri aliutazama muhuri, akaupokea.

Tangu hapo baba anakaa uani anasuka dema. Hasemi mzaha. Nyumba hii sijapata kuiona hivi, hata mama alipofariki. Nimeona ujue.

Binti yako,
Mwanapili


Wawi, 2 Mfunguo Nne 1363

Jaribu,

Leo sikuiti mtani. Mwanapili usimgombeze, ana akili kuliko mimi na wewe.

Nilikwenda Wete na Ame, kwa lori la makonyo, nikafika nanuka karafuu kama bibi harusi. Sikungoja kuitwa. Nikauliza ofisi ya mudiri, nikaingia nikamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyevaa kilemba."

Ni kijana wa adabu, alisimama na akanipa kiti chake. Akaniambia shauri limekwisha, sheha amejiuzulu, nirudi nyumbani kwa amani. Nikamwambia sikuja kwa amani, nimekuja kuapa. Akaniuliza kama walivyoulizwa wazee, kweli au uongo. Nikamwambia, "Nitaapa kwa nililoliona kwa macho. Siku zote nilizokaa matangani, nyumba ya sheha ilipika mhogo. Wageni walipewa wali wa mchele ulioletwa na jamaa kutoka Kiuyu, na mwenye nyumba alikula mhogo na chumvi. Hilo naapa. Lile jengine lilikuwa matanga, na matanga hayaapiwi."

Karani akaandika. Mudiri akasoma, akafikiri, akasema hilo linatosha, atalipeleka juu kama jibu la ile karatasi. Muhuri uko kwake mezani. Ukiutaka, ukauchukue.

Kisha akaniuliza, si kwa ubaya, "Na sheha ni nani wako, Bi Mwanamize?" Nikasema, "Hilo na mimi ningependa kulijua." Karani akainamia kalamu yake, na Ame akatoka nje kutazama lori.

Jaribu, mimi sikwenda Wete kwa ajili ya muhuri. Nilikwenda kwa sababu mtu ameweka kazi yake mezani ili jina langu lisiguswe, kisha akaniandikia habari ya magoti. Niliposoma barua ya Mwanapili nilikaa chini. Nimesoma barua zako zote hizi za miaka, na ile ambayo ingenipa raha hukuiandika wewe, ameiandika mtoto.

Mwaka ule wa Mmanga nilikuuliza neno moja, ukanijibu kwa mbuzi na pilau. Sikukasirika, sina haki ya kukasirika. Lakini nilijiuliza. Mtu anayeniposa kila mwaka kwa mzaha, nikimkubali, atacheka? Na nikimkataa, atalia? Sikujua. Na wewe ulikuwa hivyohivyo, naona sasa. Tumekaa kila mmoja anamngoja mwenziwe awe wa kwanza kutocheka.

Nakuuliza mara hii, na sitauliza tena. Kama una neno, usiniandikie mimi. Mwandikie Ame, ambaye ndiye walii wangu, kama wafanyavyo watu. Kama huna, niandikie mimi, tuendelee kama zamani. Nitacheka kwa kila barua, na sitakulaumu hata siku moja.

Mwanamize


Msuka, 8 Januari 1944

Kwa ndugu yangu Ame bin Othman, Wawi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya kukusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako, nakuletea barua hii kwa mkono wa Mzee Silima na Mzee Duni, ambao wamekubali kusafiri pamoja kwa ajili ya jambo hili.

Mimi Jaribu wa Nyange Kificho, wa Msuka, namposa dada yako Mwanamize binti Othman, awe mke wangu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu na sunna ya Mtume wake. Mahari ataje mwenyewe, nami nitamtimizia.

Ni haki yako ujue unamwoza nani. Sina cheo. Mudiri ameniita nikachukue muhuri, na nimemshukuru, na nimemwambia ampe mwengine. Kazi hiyo niliipenda. Niliipenda kuliko nilivyokuwa nikisema. Nilipenda watu waje uani kwangu na maneno yao, waondoke wamepoa. Lakini sheha lazima akae kwenye shehia yake, na dada yako ana wasichana wake Wawi, wanaomhitaji, na kazi yake ni kubwa kuliko yangu. Haitakuwa yeye wa kuhama. Nitahama mimi, ikiwa mtanipa nafasi. Najua kuezeka, kusuka dema, kulima mpunga na kuchota maji. Mikarafuu ya baba nimeigawa, fungu langu naliandika kwa jina la Mwanapili, naye ameridhia kuja pamoja nami mpaka aolewe.

Nina umri wa miaka arobaini na sita. Meno mawili sina. Nayataja kwa sababu ni kweli.

Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Kila nikiandika mstari, mkono wangu hutafuta pa kukimbilia, na wewe unajua hukimbilia wapi. Nimeuzuia. Dada yako nilimpenda tangu tunakaa jamvi moja chuoni kwa baba yenu, nikamwoa Kazija kwa kuozwa, nikakaa naye kwa wema, na Mwanamize akaolewa na wake, na sote wawili tukafiwa. Tangu hapo kila nililomwambia kwa mzaha nililitaka kwa kweli. Nilificha kwenye utani kwa sababu huko hakuna anayekataliwa.

Sasa nimetoka. Mkinikataa nitakuwa nimekataliwa, na nitalibeba. Nangoja jibu lenu.

Mimi ndugu yenu,
Jaribu wa Nyange


Wawi, 20 Mfunguo Nne 1363

Kwa Jaribu wa Nyange, Msuka

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi nami ni mtoto wa shangazi yako, utani wangu bado haujafa, kwa hivyo utanivumilia. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikitafuta mzaha uko wapi. Nikaisoma tena. Nikawauliza wazee wako, "Amekuwa mgonjwa?" Mzee Duni akasema, "Mzima." Mzee Silima akasema, "Mzima, lakini amekonda." Wamegombana njia nzima kuhusu nani atangulie kuzungumza, na walipofika kila mmoja alimwachia mwenziwe, basi nikakaa na wageni wawili waliokuwa wakitazamana. Ndiyo maana nimejua kuwa jambo ni zito.

Kwa upande wangu sina kipingamizi. Wewe ni damu yetu. Meno nimeyasamehe.

Lakini mwenye shauri ni mwenyewe, nami mila yataka nimsomee na nisikilize. Basi nilikwenda uani kwake, wasichana wako kwenye majamvi wanapiga kelele ya Juzuu Amma. Nikakaa kwenye kizingiti, nikamsomea yote tangu salamu mpaka jina lako. Unanijua, nimemsomea barua zako miaka mingi, na yeye amenisomea, na sijapata kumwona asicheke. Hata ile ya shimo alicheka mpaka akaomba maji.

Hii hakucheka. Nilipofika kwenye meno nilisita nikimwangalia. Hakucheka hata hapo.

Aliichukua karatasi mkononi mwangu akaisoma tena mwenyewe, polepole, na kidole chini ya mstari, kama anavyowafunza wale watoto. Nikamwambia, "Dada, watu wanangoja jibu." Akasema, "Waambie ndiyo." Nikamwuliza mahari. Akasema Msahafu, na kwamba usihame kabla mvua za masika hazijapita, maana njia ni mbaya na wewe hutazami unapokwenda.

Njoo Ijumaa hii na watu wako, tufunge neno baada ya sala. Usimwandikie tena kabla ya siku hiyo. Sasa ni mchumba wako, mnaoneana haya.

Na alipokwisha kunijibu, dada akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya tangu alipokifungua chuo kile. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Akasimama, akajitanda kanga yake vizuri, akawaambia wasichana wakunje majamvi, waende makwao.

Ame bin Othman